Viti Viwili

Gari lilikuwa na viti viwili, na watu waliokuwa uani walikuwa wanne.

"Hapo ndipo penye kazi, mzee," alisema mnunuzi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikononi. "Mimi lazima niendeshe. Fundi wangu lazima akae pembeni asikilize gia. Sasa wewe tukuweke wapi, kwenye buti?"

Fundi alicheka. Mwanamke wa makamo waliyeshuka naye kwenye teksi hakusikia; alikuwa amekaa kwenye ngazi karibu na geti, mkoba wa nguo magotini.

Mzee hakucheka. Tangu amzike mkewe, miezi minane iliyopita, hakucheka wala hakulia. Alikula kwa saa, akalala kwa saa. Alikuwa amepima ardhi za watu kwa miaka thelathini na sita, na kazi hiyo ilimfunza kwamba mpaka hauwekwi kwa machozi.

Sharti lake lilikuwa moja: hakuna anayeliendesha gari la spoti bila mwenyewe kukaa pembeni. Alikuwa ameliandika hata kwenye tangazo.

Binti yake alitaka lipelekwe yadi ya magari. "Wenye yadi watakuuzia, baba. Wewe siku hizi unasahau." Alikuwa amesahau jiko likiwaka mara moja. Moja tu. Walibishana wiki nzima, mwisho wakakubaliana hivi: akiliuza mwenyewe bila kutapeliwa, atabaki nyumbani kwake na maneno yaishe. Akishindwa, atafunga virago ahamie kwa binti, kwenye chumba cha nyuma, na mtu wa kumwangalia.

Watano walikuwa wamekwisha kuja. Wawili kati yao walitaka kupiga picha tu, mmoja akiwa ameegemea boneti kama bwana harusi. Huyu wa leo alikuwa wa kwanza kuingia uvunguni na tochi.

"Basi niachie kitambulisho," alisema mzee.

"Kitambulisho? Siku hizi vinachapishwa hata vichochoroni, mzee wangu. Nitakuachia kitu kisichochapishwa." Kijana alielekeza kidevu getini. "Mama yangu mzazi. Bila baraka zake sinunui hata baiskeli."

Mzee alilipima jambo hilo kama alivyopima kila kitu. Mtu anaweza kutupa simu, akatupa saa, akatupa hata jina lake. Mama hatupwi. Hoja ilisimama. Akatoa ufunguo.

Kijana alikwenda getini, akachutama mbele ya mwanamke, akazungumza naye kwa sauti ya chini. Mwanamke alitikisa kichwa kukubali, mara tatu, mara nne. Kisha kijana akapaza sauti: "Nusu saa tu, mama! Kaa na mzee vizuri!"

Gari likatoka. Mkewe alikuwa akiutambua mlio ule tangu kona ya kwanza, akaanza kupakua chakula. Mzee alisimama akausikiliza ukififia, akingoja kuhisi chochote. Hakuhisi. Akamkaribisha mgeni ndani.

Mgeni hakukaa. Aliviona vikombe kwenye sinki, akaanza kuviosha.

"Chakula cha mchana unakula saa ngapi, baba?"

"Saa saba."

"Na usiku usingizi unakuja?"

"Unakuja."

Alifungua droo moja, kisha ya pili. Akachukua kiberiti akakiweka juu ya kabati, mbali. Mzee aliona. Mwanamke aliyezoea jiko, alifikiri, hawezi kukaa kwenye jiko la mwenzake mikono mitupu.

Mgeni alisimama mbele ya picha ukutani. "Ndiye mama?"

"Ndiye."

"Pole, baba."

"Asante." Alihisi anapaswa kuongeza neno. "Kijana wako ana adabu. Umemlea vizuri."

Mwanamke alimtazama kidogo, kama anayechagua njia penye tope. "Asante, baba," alisema taratibu.

Nusu saa ikapita. Kisha saa nzima. Foleni, alijisemea mzee. Jioni barabara kuu hujaa. Baada ya saa ya pili alipiga ile namba ya mnunuzi. Haikupatikana. Akapiga tena, akiibonyeza tarakimu moja moja na kuisoma kwa sauti, ili asije akaambiwa kakosea.

Mgeni alikuwa amepata viazi, anavimenya mezani. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Hilo ndilo lililomtuliza mzee mpaka wakati huo: mama mtu angekuwa wa kwanza kuhangaika.

Simu ya mzee ikaita. Binti.

"Vipi, baba? Limeuzwa?"

"Nitakupigia," alisema, akakata. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane, alihisi kitu: hofu.

"Mama," alisema, "tafadhali mpigie mwanao. Sasa hivi."

Mwanamke aliweka kisu chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akamvutia kiti.

"Mwanao ameondoka na gari langu!" Mzee alisikia sauti yake ikipanda, asiweze kuishusha. "Mimi simjui yule! Sijawahi kumwona kabla ya leo!"

"Kaa, baba," alisema mwanamke kwa upole, akimshika kiwiko. "Mwanao alinieleza yote asubuhi aliponiandika kazi ya kukuangalia: kwamba jioni ikifika utaulizia gari, na utaapa kwamba humjui."