Nyoka wa Mpira

Kwa mara ya nne wiki ile, Siwema alijifukiza udi alasiri akatoka, na mumewe Mbaruku akamfuata kimyakimya. Siwema alikuwa ameaga kwamba anakwenda kutazama filamu ya nyoka, ile ambayo mji mzima uliizomea na kutoka kabla haijafika nusu. Nani angeirudia mara nne bila sababu nyingine?

Ndani ya banda la video, Mbaruku alipekua benchi moja baada ya jingine akitafuta mwanamume. Alimkuta Siwema peke yake, anacheka mpaka machozi. Nyoka mwenyewe alikuwa mpira wa kumwagilia bustani, macho yake vifungo vya koti.

“Yuko wapi?”

“Nani?”

“Huyo unayejifukizia udi.”

Siwema akamwonyesha nyoka. “Yule pale. Mwonee wivu.”

“Usinichezee! Filamu hii hakuna mtu anayeipenda.”

“Na mimi ni nani, kuku?”

“Niombe radhi, la sivyo usirudi kwangu.”

Mbaruku alikuwa amesimama mbele ya mwanga wa projekta, na nyoka alikuwa akitambaa polepole juu ya kanzu yake nyeupe.

“Siombi,” alisema Siwema. “Na usisogee. Hapo kifuani anapendeza.”