Mzee Petri Ataja Maji

Siku ya tatu mgeni alikuwa bado anaandika, na Mzee Petri Anaut alikuwa karibu kulia kwa furaha.

Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwuliza majina ya vijito. Shuleni walimchapa viganja kwa kusema Kibaski, lugha ya kwao iliyokatazwa. Mwalimu aliyeshika fimbo baadaye alipewa nishani, bondeni hatujamsahau. Watoto wa Petri wakalelewa kwa Kihispania peke yake, kwa hofu ya fimbo ileile. Sasa aliyebaki akiyajua maji yote ya mlima kwa majina ni yeye, naye alikuwa ameanza kukohoa damu. Akifa, yamekwisha.

Ndipo akatokea Bwana Leandro kutoka mjini, buti mpya, daftari nene.

"Na hiki?"

"Urbizi. Maji hai. Mwaka ule wa ukame kondoo walikufa, hiki hakikukauka."

"Kile?"

"Uragor, kikavu. Ikipita Juni usikitegemee. Na kule juu ni Lezeta, penye mapango. Maji yanazama chini, huyaoni tena."

"Majina hayadanganyi?"

"Yatadanganyaje? Mchungaji akipotelea kwenye ukungu, jina ndilo linamwambia akanyweshe wapi. Wazee wangetupa jina la uongo, wewe leo ungekuwa unaongea na mbuzi."

Bwana Leandro alicheka, akaandika. Nyimbo hakuuliza, wala hadithi.

Engrazi, binti wa mzee, aliwapandishia mkate na jibini. Akamvuta baba yake kando.

"Baba, huyu polisi. Anatafuta nani bado anaongea lugha yetu."

"Polisi gani apande mlima siku tatu? Wale pumzi zinawaishia mlangoni pa baa."

"Watakufunga."

"Wanifunge. Yatakuwa yameshaandikwa."

Mwisho wakafika mto mkuu unapobanwa na majabali mawili.

"Hapa Harrigogor," alisema mzee. "Jiwe gumu. Mafuriko yote tangu babu wa babu yangu yamepita hapa, halijamegeka hata kidogo."

Mgeni aligonga jabali kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akafunga daftari. Akamshika mzee mkono kwa mikono yote miwili.

"Haya hayatapotea, mzee. Nakuahidi."

Majira ya baridi yote Engrazi alilala akisubiri mlango kugongwa. Polisi hawakuja. Theluji ilipoyeyuka, ilikuja karatasi moja tu, ikapigiliwa kwenye mlango wa kanisa. Engrazi akaisoma kwa sauti, baba yake akiwa amemshika bega. Kijiji kihame kabla ya vuli. Bonde litafungwa kwa ukuta wa saruji, lijazwe maji hadi juu ya mnara wa kengele.

Chini kabisa, juu ya sahihi ya Leandro, mhandisi mkuu, palikuwa na mstari mmoja: "Utafiti wa miamba na vyanzo vya maji haukuhitajika. Mwenyeji alitueleza yote."