Mabadiliko ya Jumatano

"Piga tena," Nyirahabimana alisema.

Donat akapiga tena. Simu haikuita.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi, kompyuta ya ofisi ya kuunganisha familia, pale Mbugangari, ilikuwa imeungua na majina yote ya watu waliovuka mpaka kutoka Goma. Donat, fundi, aliitwa haraka kutoka Rugerero. Alikuta benchi limejaa watu, na mama huyu, Nyirahabimana, amesimama mbele yao, ameng'ang'ania ncha ya kitenge chake.

Alianza na nakala ya akiba ya ngazi sifuri, ile ya Jumapili, yenye orodha nzima. Humo ndimo jina la Rayhana, binti wa mama huyu, lilimojitokeza: yuko hai, kasajiliwa Rubona, na namba ya simu ambayo sasa haipatikani.

"Mama, hii ni ya Jumapili," Donat alimweleza. "Siku zilizofuata waliweka akiba ya kilichobadilika tu. Nikirudisha Jumatatu, Jumanne na Jumatano, moja baada ya nyingine, tutajua kama alileta namba mpya."

"Rudisha, mwana wangu. Mi niko namutafuta tangu mwezi wa kwanza. Watu wote ya nyumba tulikimbia pamoja. Yeye akapita njia yake."

Jumatatu ilirudi. Kwa Rayhana hapakuwa na jipya.

Jumanne iligoma. Donat alijaribu mara tatu, shati likimganda mgongoni. Bila Jumanne, Jumatano isingekuwa na pa kushika. Nyuma yake mama alikuwa analia bila sauti. Donat, aliyemzika mama yake mwaka jana, hakuthubutu kugeuka. Akapekua droo zote za karani mpaka akapata flashi yenye nakala ya pili.

Ikakubali.

Kisha Jumatano.

"Iko kitu," alisema. "Jana saa nne Rayhana alikuja. Alibadilisha maelezo yake."

Mama aliinua mikono juu. "Mungu wangu. Soma, mi sijui kusoma. Soma kwa nguvu, na hawa wasikie."

Donat akafungua. Namba ilikuwa imefutwa. Mahali pake karani alikuwa ameandika maneno ya Rayhana, kama alivyoyatamka:

"Mama akifika kunitafuta, mumuambie nilikufa."