Majani ya Mlonge ya Bwana Fisi

Mbuzi mmoja alikuwa na watoto wawili waliokonda kwa kuharisha, hata kusimama kwao ilikuwa kazi. Fisi aliwaona akasikitika, maana walikuwa mifupa mitupu. Akachuma majani ya mlonge, akayaweka chini, mbali kidogo na pembe za mama yao.

"Bi Mbuzi, wachanganyie kwenye chakula. Watanenepa."

"Tangu lini afya ya wanangu ikakuhusu?"

"Unyonge wao unaniuma," Fisi akajibu, na hapo hakusema uongo.

Mbuzi alijua anachokitaka Fisi. Lakini dawa haiulizi imechumwa na nani, na wanawe walikuwa wanakufa. Akayapokea. Kila alfajiri Fisi alileta majani mabichi, akarudi na njaa yake, mpaka watoto wakajaa minofu.

Ndipo alipokuja bila majani. Watoto wakatimka na mama yao, wakarukaruka hadi juu ya jabali. Fisi akawafuata, akateleza, akaanguka chali.

"Nimewaponya mimi!" akalia.

"Kweli kabisa," Mbuzi akasema kutoka juu. "Wanangu, msalimieni mganga wenu."

"Shikamoo, Bwana Fisi!"

"Marahaba," Fisi akaitikia huku akihema, akaenda zake akichechemea.