Ukurasa wa Majaribio

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni. Bibi mpiga picha alimmiminia fundi wa printa chai kwanza, ndipo akamwonyesha picha aliyojipiga mwenyewe.

"Printa imezeeka kama mimi, mwanangu. Tazama ilivyonipaka manjano machoni!"

Fundi alibadilisha tona, wino wa unga, ya manjano, akachapa ukurasa wa majaribio. Rangi zote zikatoka sawa, na nyeupe ikawa nyeupe pe. Akaichapa picha tena. Macho yalikuwa ya manjano vilevile.

"Basi imeninunia," bibi akacheka.

Fundi akainua tochi aliyokuwa akimulikia ndani ya printa, ikamwangaza bibi usoni. Akayatazama macho yake, kisha picha, kisha macho tena.

"Bibi, printa ni nzima. Vaa viatu, twende hospitali sasa hivi."

Bibi akafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja.

"Wakinilaza, utakuja kuniona tena?"