Aliyemfumba Macho Hemedi

Ukumbi mzima ulikuwa unalia. Kwenye pazia la sinema, Hemedi, aliyewaongoza watu wa mji kudai haki ya kupiga kura, alikuwa amelala barabarani na risasi kifuani, na mwandishi wa habari wa Kizungu alikuwa akimfumba macho.

Bi Mwanaidi, dada yake Hemedi, hakulia. Alimgeukia Sudi, mtengeneza filamu, aliyeketi kando yake.

"Huyo Mzungu ametoka wapi?"

"Tumeongeza kidogo tu, bibi. Ili na watu wa nje waguswe."

"Aliyemfumba macho kaka yangu ni mimi. Wazungu siku hiyo walikuwa wamejifungia hotelini."

"Lakini tazama watu wanavyolia, bibi!"

"Wanamlilia nani?"

Filamu ikaisha, makofi yakarindima. Mwanamke wa kiti cha nyuma akamshika bega. "Pole, bibi. Afadhali alifia mikononi mwa mtu mwema."

Hapo Bi Mwanaidi akainuka. Akapita mbele ya wakubwa wa safu ya kwanza bila hata kuwaomba radhi, akasimama mbele ya pazia, katikati, majina ya waliotengeneza filamu yakiwa yanapanda.

"Kaa chini, bibi, hatuoni!" mtu akapaza sauti.

"Basi nitazameni mimi!"

Akanyoosha mikono yake miwili, viganja wazi. Majina ya watu asiowajua yakapita juu ya vidole vyake, moja baada ya jingine, na hakuna aliyethubutu kuwasha taa.