Dirisha la Upande wa Pili

Siku ya familia, makumbusho ya reli yaliwapeleka watu kutembelea stesheni iliyokwisha kufungwa, na Mwanakombo akaenda na binti yake, Tausi. Hakumwambia mtu kuwa hapo ndipo alipomsindikiza mumewe, yeye akiwa na mimba ya mtoto huyo, na kwamba mume hakurudi tena.

Mwongozaji aliwapandisha watoto kwenye behewa kuukuu wacheze kuagana. Akapuliza filimbi, na wazazi waliobaki jukwaani wakapunga mikono kwa vicheko. Tausi akachungulia dirishani.

"Mama, baba alipoondoka na treni, naye alikaa upande huu?"

"Hapana. Alikaa upande wa pili."

"Sasa alikupungiaje?"

Miaka yote Mwanakombo alikuwa akiwaambia watu kwamba mumewe alimpungia mpaka treni ikapotea, na mwisho naye akayaamini maneno yake.

Filimbi ikalia tena. Watoto wakashuka mbio kugawiwa maandazi.

"Mama, twende, yataisha!"

"Tangulia, mwanangu. Nakuja."

Akapanda behewani, akaketi upande ule wa pili. Kioo kilijaa vumbi. Akakifuta kwa ncha ya kanga. Nje hapakuwa na mtu wala jukwaa, ila reli zilizomezwa na majani, zikienda mbali.

Nyuma yake, jukwaani, Tausi alikuwa akimwita, andazi likimpoa mkononi. Mwanakombo alimsikia vizuri. Uso wake ukabaki kwenye kioo.